Ijaribu Programu Kabla Haijafika Bengamisa

Muuguzi wa kituo cha afya huko Bengamisa, kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisangani kwenye barabara ya Buta, anampima mtoto mchanga. Mizani inasoma kilo tatu na gramu mia mbili, naye anaandika 3.2 kwenye kisanduku cha uzito. Ikiwa programu imeandikwa kwa Java na namba hiyo inapitia kisomaji cha kawaida cha Java, jibu litategemea kompyuta imeambiwa iko wapi. Ikiambiwa Kiswahili cha Tanzania, inapata 3.2. Ikiambiwa Kiswahili cha Kongo, ambacho kompyuta hukiita sw_CD, nukta inakuwa alama ya kutenga maelfu na mkato ndio wa desimali, basi kisomaji kinairuka nukta na kupata 32. Ikiambiwa Kifaransa cha Kongo, fr_CD, nukta haina kazi yoyote ndani ya namba, kwa hiyo kisomaji kinasimama hapo hapo na kurudisha 3. Vibonye ni vile vile, mtoto ni yule yule, uzito umekuwa wa namna tatu tofauti, na kwenye kioo hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetunga au unayejaribu programu zitakazotumika mahali kama Bengamisa, uwe umekaa Kisangani, Nairobi au Brussels. Neno lokali nitalitumia kwa fungu zima la mazoea ya mahali ambalo kompyuta hulifuata: lugha, alama za namba, sarafu, kalenda, mwanzo wa wiki, mpangilio wa herufi. Ninachotaka kukushawishi ni kwamba kila lokali unayodai kuihudumia uijengee mashine pepe yake kamili, iliyozaliwa katika lokali hiyo na kubaki humo, badala ya kuchukua mashine moja ya Kiingereza na kuivalisha lugha nyingine dakika ya mwisho. Kazi inaongezeka kidogo mwanzoni, sikatai. Lakini lokali haikai mahali pamoja ndani ya kompyuta, na mashine iliyobadilishwa nusu huficha makosa yale yale uliyotaka kuyafichua.

Hesabu mahali inapojificha. Mfumo wa uendeshaji una lokali yake, inayotajwa na vigeu kama LANG na LC_ALL. Java ina yake, inayoweza kutofautiana na ya mfumo ukiipa user.language na user.country. Hifadhidata ya PostgreSQL hupewa mpangilio wake wa herufi siku inapoundwa, na kuubadilisha baadaye si jambo la amri moja. Kivinjari hutuma orodha yake ya lugha kwa seva. Kibodi ina mpangilio wake, na saa ina ukanda wake. Mtu anayeandika mstari mmoja wa LANG juu ya skripti ya majaribio amegusa tabaka moja tu kati ya hayo. Tena hata hilo moja huenda hakuligusa: katika Linux, ukitaja lokali ambayo haikusakinishwa, programu nyingi hurudi kwenye lokali ya msingi iitwayo C bila kusema neno. Bash na Perl hulalamika, nyingine hunyamaza. Majaribio yanapita yote, ripoti inakuwa ya kijani, nawe unaamini umejaribu Kiswahili kumbe umejaribu Kiingereza cha Marekani kwa mara ya pili.

Kimya hicho kinatugusa sisi kuliko wengine. Maktaba ya glibc, ambayo ndiyo msingi wa Debian, Ubuntu na Linux nyingi nyingine, ina sw_KE na sw_TZ, na kwa Kongo ina ln_CD ya Kilingala. Haina sw_CD wala fr_CD. Kwa upande mwingine, CLDR, yaani hazina ya data za lokali inayotunzwa na Unicode Consortium na kutumiwa na Java, Android na vivinjari, inazo zote mbili. Maana yake ni kwamba ndani ya kompyuta moja tabaka la juu linaijua Bengamisa na tabaka la chini halijawahi kuisikia. Wengi wakikuta fr_CD haipo huchukua fr_FR na kusema Kifaransa ni Kifaransa. Nitaonyesha hapa chini kwamba njia hiyo ya mkato inapotosha hesabu za wagonjwa.

Basi anza kwa kuchagua lokali chache na kuzijenga sawasawa. Kwa Tshopo, jimbo ambalo Bengamisa na Kisangani zimo, ningeanza na fr_CD, kwa sababu fomu za serikali na za afya ni za Kifaransa. Kisha sw_CD na ln_CD, kwa sababu Kisangani na vijiji vyake watu huishi ndani ya Kiswahili na Kilingala kwa pamoja. Na ya nne iwe en_US, si kwa ajili ya mtumiaji, bali iwe ya kulinganishia. Kosa linalotokea katika zote nne ni kosa la programu. Kosa linalotokea katika moja ni kosa la lokali. Ukiwa na nne tu utaweza kuzitunza. Ukijitwika kumi na tano utazitelekeza kabla ya mwezi kwisha.

Jenga picha moja ya msingi, kwa mfano Debian thabiti isiyo na mapambo, uiandike namba yake ya toleo, kisha usiiguse tena. Juu yake tengeneza diski nyembamba kwa kila lokali. Ukitumia QEMU na KVM, amri ni qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 bengamisa-fr.qcow2, na diski hiyo mpya itabeba tofauti peke yake, huku gigabaiti za msingi zikibaki mahali pamoja. Ukitumia VirtualBox, kazi hiyo hufanywa na nakala zilizounganishwa, na Vagrant inaweza kukuandalia zote kwa faili moja la maandishi. Maelekezo ya kujenga yaweke katika Git pamoja na programu yenyewe. Mashine iliyotengenezwa kwa kubofyabofya haiwezi kurudiwa na mtu mwingine, na usipoweza kuirudia hutajua kesho kama kilichobadilika ni programu au ni mashine.

Sasa ile lokali isiyokuwepo. Ndani ya mashine ya Kiswahili cha Kongo, nenda kwenye saraka ya /usr/share/i18n/locales, nakili faili la sw_TZ kwa jina la sw_CD, ulifungue. Kwenye sehemu ya namba, weka mkato uwe alama ya desimali na nukta iwe ya maelfu. Kwenye sehemu ya fedha, weka CDF na FC. Ukikuta sehemu inayonakili lokali nyingine kwa neno copy, iondoe uandike thamani zako mwenyewe, la sivyo utarithi ya jirani. Halafu amri ya localedef -i sw_CD -f UTF-8 sw_CD.UTF-8 itaizalisha. Fanya vivyo hivyo kwa fr_CD ukianzia fr_FR, na hapo usisahau kuondoa yuro. Kazi yote hii ni ya saa moja, na ukishaiweka katika maelekezo ya ujenzi hutaifanya tena.

Kabla ya kuijaribu programu, ijaribu mashine. Andika skripti fupi inayochapisha mambo machache: namba 1234567.89 ilivyoandikwa kwa lokali, faranga 12500, tarehe ndefu ya leo, namba ya wiki, maneno kumi yaliyopangwa kialfabeti, na saa pamoja na ukanda wake. Ichapishe mara tatu, kutoka kwenye mfumo, kutoka Java au lugha yoyote unayotumia, na kutoka hifadhidata. Matokeo hayo yalinganishwe na faili la kielelezo ulilolikagua kwa macho. Yasipolingana, mashine ijizime na majaribio yasiendelee. Hatua hii ndogo ndiyo ninayoithamini kuliko zote katika mwongozo huu, kwa kuwa inakomesha kile kimya: mashine iliyorudi kwenye C itakamatwa ndani ya sekunde mbili.

Hapa mwenye uzoefu atauliza: kwa nini mashine pepe nzima, wakati kontena ni nyepesi na huwaka papo hapo? Swali ni la haki, na kwa majaribio madogo ya kazi moja moja kontena inatosha, mradi ukumbuke kwamba picha nyingi ndogo huja bila lokali yoyote, na kwamba Alpine hutumia maktaba ya musl ambayo haishughuliki sana na lokali. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kontena haiwezi kukupa, nacho ni saa yake. Kontena zote hushirikiana kiini kimoja cha Linux, na saa ya ukutani ni ya kiini hicho. Ukiirudisha nyuma, umeirudisha kwa kompyuta yote. Mashine pepe ina saa yake, na unaweza kuiwekea tarehe yoyote.

Kwa nini utake tarehe nyingine? Tazama yaliyotokea Banalia, teritware ambayo Bengamisa imo ndani yake. Mapema Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko, na Shirika la Afya Duniani likaripoti wakati huo washukiwa 261 na vifo 129. Ufuatiliaji wa magonjwa kama hayo huenda kwa wiki: kila kanda ya afya hupeleka hesabu ya wiki, na mlipuko huonekana pale wiki moja inapopanda juu ya iliyotangulia. Sasa iulize Java Jumatatu ya tarehe 6 Septemba 2021 ni wiki ya ngapi. Ukiuliza kwa fr_FR, itasema 36, sawa na kanuni ya kimataifa ya ISO. Ukiuliza kwa fr_CD, itasema 37. CLDR imeziwekea Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya sharti kwamba wiki ya kwanza ya mwaka iwe na siku zisizopungua nne za Januari. Kongo haikuwekewa sharti lake, ikaangukia kwenye kanuni ya dunia inayoridhika na siku moja. Mwaka 2021 ulianza Ijumaa, kwa hiyo wiki zote za mwaka huo zinapishana kwa moja. Jedwali la Excel likitumia fomula ya WEEKNUM bila nyongeza nalo litasema 37, na likitumia ISOWEEKNUM litasema 36.

Kumbuka yule aliyechukua fr_FR kwa sababu fr_CD haikuwepo. Majaribio yake yangepita yote, kwa kuwa fr_FR hutoa 36 iliyotarajiwa. Kosa lingetokea siku programu inapowashwa kwenye simu au kompyuta iliyowekwa Kifaransa cha Kongo kama inavyopaswa, katika kituo cha Bengamisa, na hesabu za wiki moja zingeingia kwenye wiki nyingine. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya ya Kongo huutumia kukusanya takwimu, una vipindi vya wiki vinavyofuata ISO na kuandikwa waziwazi, mfano 2021W36. Hatari iko pembeni yake, katika zile skripti na programu ndogo zinazobeba data kuipeleka huko, zinazotungwa haraka na mtu mmoja na kudumu miaka mingi. Hizo ndizo za kuzipitisha kwenye mashine pepe. Katika QEMU, chaguo la -rtc base=2021-09-06T06:00:00 litaiwekea mashine saa ya kuanzia ya saa 2 kamili asubuhi ya siku ile kwa majira ya Bengamisa; systemd ikiisogeza mbele hadi tarehe ya toleo lake, irudishe kwa amri ya date. Zima kwanza usawazishaji wa saa kwa timedatectl set-ntp false, na kama ni VirtualBox, zima pia huduma ya Guest Additions inayoisawazisha saa ya mgeni na ya mwenyeji, la sivyo dakika chache baadaye mashine itarudi leo na jaribio lako litakuwa halina maana. Jaribu mipaka: tarehe 1 Januari 2023, iliyokuwa Jumapili, na siku iliyofuata.

Ukanda wa saa nao una mtego wake. Kongo ina kanda mbili, Africa/Kinshasa ulio saa moja mbele ya UTC na Africa/Lubumbashi ulio saa mbili mbele, na Tshopo imo katika wa pili. Anayechagua nchi tu wakati wa kusakinisha anaweza kujikuta Kinshasa. Mtoto aliyezaliwa Bengamisa dakika thelathini baada ya usiku wa manane, tarehe 1 ya mwezi, amezaliwa saa tano u nusu usiku wa mwezi uliopita kwa saa ya Kinshasa, na kwa seva iliyowekwa UTC ni saa nne u nusu. Ripoti ya mwezi itamhesabu wapi? Weka mashine ya mtumiaji katika Africa/Lubumbashi, mashine ya seva katika UTC, na uandike jaribio linaloingiza kumbukumbu hiyo hiyo kwa dakika hiyo hiyo. Na kwa kuwa tunazungumzia saa: hakuna lokali hata moja ya Kiswahili katika CLDR inayojua kwamba saa 2 asubuhi ni 08:00. Zinajua maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, lakini namba ni ile ya Kizungu. Kisanduku cha saa kionyeshe tarakimu za saa 24 waziwazi, na jaribio lihakikishe kwamba haiwezekani kuingiza 2 pekee.

Funga pia matoleo. Java 9, mwaka 2017, ndiyo iliyoifanya CLDR kuwa chanzo cha kawaida cha lokali, na tangu hapo kila toleo jipya la Java huja na CLDR mpya ndani yake. Kifaransa hutenga maelfu kwa nafasi, lakini si nafasi ya kibodi: zamani ilikuwa nafasi isiyokatika, na tangu CLDR 34 ya mwaka 2018 ni nafasi nyembamba isiyokatika. Kwa macho zote tatu zinafanana. Kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti. Mhasibu wa ghala la mawese akiandika 12 500 kwa kibonye cha nafasi, kisomaji cha Java katika matoleo mengi kitasoma 12 na kuacha mengine. Jaribio lako liandike nafasi ya kibodi, kwa sababu ndiyo atakayoiandika yeye. Node.js kabla ya toleo la 13 ilikuja na data za Kiingereza peke yake, na Java iliyopunguzwa ukubwa bila moduli ya jdk.localedata hufanya hivyo hata leo. PostgreSQL huegemea glibc kwa mpangilio wa herufi, na glibc 2.28 ya mwaka 2018 iliubadilisha mpangilio huo. Kwa hiyo mashine ya majaribio isijisasishe yenyewe usiku. Isasishe kwa mkono, ukiwa umekaa, uone faili la kielelezo limebadilika wapi.

Atainuka mwingine aseme: vyombo vya kisasa vya kujaribu kurasa, kama Playwright, huniwezesha kutaja lokali na ukanda wa saa kwa kila jaribio, mashine za nini tena? Vitumie, vinaokoa muda. Lakini vinabadilisha lokali ya kivinjari tu. Seva inayopokea, faili la CSV linalotoka likiwa na mkato ndani ya namba na mkato kati ya safu, barua inayochapwa, picha ya skrini yenye visanduku vitupu kwa kukosa fonti, vyote hivyo havimo mikononi mwa kivinjari. Kilingala kinaonyesha jambo hili vizuri. Herufi ɔ yenye alama ya toni juu yake huandikwa kwa vipande viwili vya Unicode, kwa kuwa haina kipande kimoja kilichounganishwa. Kivinjari kitaichora vizuri. Safu ya hifadhidata yenye kikomo cha herufi ishirini itaihesabu kuwa mbili, na utafutaji usiosawazisha maandishi hautaipata. Sakinisha fonti za Noto ndani ya mashine na uweke maneno kama hayo kwenye data ya majaribio.

Data hiyo ya majaribio ifanane na watu, ingawa majina yawe ya kubuni. Mkongo ana jina, post-nom na prénom, mpango uliotokana na siasa ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972, na fomu yenye visanduku viwili itamlazimisha alipasue jina lake. Kongo haina misimbo ya posta inayotumika, kwa hiyo kisanduku cha lazima cha msimbo huo ni mlango uliofungwa. Namba za simu ni +243 na tarakimu tisa. Majimbo ni 26 tangu 2015. Orodha ya zamani yenye 11 itakupa Orientale, jimbo ambalo halipo tena, na Tshopo hutaiona. Fedha ni mbili kwa wakati mmoja, faranga na dola ya Marekani, mara nyingi ndani ya risiti moja.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la gharama. Nani ana umeme na intaneti ya kuendesha mashine nne? Sehemu ya jibu ni kwamba huhitaji kuziwasha pamoja. Kompyuta ya mkononi yenye RAM ya gigabaiti 8 inaweza kuwasha moja kwa wakati, kila moja ikipewa gigabaiti 2, na kuzipitia zote usiku mmoja. Picha ya msingi pakua mara moja ukiwa mjini, uibebe kwenye diski. Zile diski nyembamba ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye flashi. Weka ndani ya msingi ghala la vifurushi vyote vinavyohitajika, ili ujenzi usihitaji mtandao. Panga majaribio mafupi yatangulie, na kila moja liandike matokeo yake linapokwisha, ili umeme ukikatika upoteze jaribio moja tu. Kabla ya kila mzunguko rudi kwenye nakala safi ya hali ya mashine, maana mashine iliyozimika katikati ya kazi haiaminiki. Na huo mtandao hafifu uugeuze kuwa jaribio: kwa amri ya tc na moduli ya netem, ongeza kuchelewa kwa milisekunde 600 na upotevu wa asilimia 5 kwenye kadi ya mtandao ya mashine, uone kama programu inahifadhi fomu au inaimeza. Ila emuleta ya Android usiiweke ndani ya mashine pepe isipokuwa kichakataji chako kinaruhusu mashine ndani ya mashine. Iendeshe kando, ukiichagulia lugha na eneo kwenye mipangilio yake.

Kuna pia wanaosema kwamba mambo yote rasmi ni Kifaransa, na kwamba anayejua kusoma atatumia Kifaransa, hivyo sw_CD ni anasa. Wanasahau kwamba lokali huchaguliwa na mwenye simu. Android inaitoa Kiswahili cha Kongo katika orodha yake, na mtu akiichagua ili asome ujumbe wake kwa lugha yake, programu yako itairithi hata kama hukutafsiri neno lolote. Ataona maandishi ya Kifaransa, na namba zitasomwa kwa kanuni za sw_CD. Mtoto wa kilo 32 anazaliwa hapo, kwenye lokali ambayo mtunzi hakuona haja ya kuijaribu. Ukiamua kutoihudumia sw_CD, basi iandike programu ikatae kwa uwazi: isome namba kwa kanuni moja inayoonekana, na uzito usio wa kawaida iulize tena. Hata uamuzi huo unahitaji mashine ya sw_CD ya kuuthibitisha.

Limebaki lile faili la kielelezo, ambalo mpaka sasa umelikagua wewe mwenyewe. Lichape kwenye karatasi na umpelekee mtu wa Bengamisa anayeandika madaftari kila siku: mhasibu, muuguzi, karani wa sekta. Mwombe asome tarehe, kiasi cha fedha na majina ya miezi, aweke alama pale ambapo yeye asingeandika hivyo. CLDR yenyewe ni kazi ya watu, nayo imebadilika: zamani Kiswahili cha Kongo kilikaa humo kwa msimbo wake, swc, na miezi yake ikianza na mwezi ya kwanja, kabla ya kuhamishiwa chini ya sw. Msomaji wako akisema alama fulani si ya kwao, sahihisha kielelezo cha programu yako kwanza, kisha peleka masahihisho kwa Unicode kupitia Survey Tool, ambayo hupokea michango ya watu wa kawaida kwa vipindi. Juu ya faili andika tarehe aliyolisoma na toleo la CLDR lililokuwa ndani ya mashine siku hiyo, na kila unapopandisha toleo, mpelekee tena ile mistari iliyobadilika.